Majibu kwa wasomaji: Mbona developa wangu hamalizi?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja, mfumo wa kompyuta. Wengine wanatengenezesha, wengine wanatengeneza wenyewe, na mama mmoja mfumo umemgombanisha na keshia wake. Nimechagua sita, ndefu nimezifupisha, majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Swali: Nina maduka mawili ya dawa, nimempa kijana anitengenezee mfumo wa mauzo na stoo, tukaandikishana miezi minne na nikamlipa nusu. Sasa kila baada ya wiki mbili anakuja na laptopu, "bosi hebu jaribu hii", nikisema hapa sijapenda anaenda kubadilisha, halafu anarudi na maswali ambayo mi nilidhani alimaliza kuniuliza siku ya kwanza. Fundi nyumba ukimpa ramani anajenga msingi, anapandisha ukuta, anapiga bati, anakukabidhi funguo. Huyu mbona kama anajenga na kubomoa? Napigwa au ndo ilivyo?
Mwenye maduka ya dawa, Morogoro

Jibu: Bosi, kwa haya uliyoandika hupigwi, ila kuna jambo la malipo nitakwambia huko chini.

Nyumba watu wamejenga tangu enzi na enzi, chumba ni chumba, ndo maana ramani inatosha. Mfumo wa duka lako haujawahi kuwepo, ungekuwepo ungeununua umeshatengenezwa na kwa bei ya chini, umemwita huyo kijana kwa sababu kuna namna yenu ya kufanya kazi ambayo haipo sokoni, na hiyo namna hata wewe mwenyewe huwezi kuieleza yote ukiwa umekaa kwenye kiti siku ya kwanza. Chukulia tu hesabu ya stoo. Kwenye karatasi mmeandika mfumo uhesabu stoo, sawa, anahesabu maboksi. Siku muuzaji anapojaribu kweli, foleni ipo, mteja anataka nusu dozi, mwingine anataka vidonge vinne tu vya kichwa, na mfumo unajua boksi haujui kidonge, basi muuzaji anabonyeza boksi moja ili kazi iende, jioni kompyuta inasema yamebaki maboksi 6 wakati kwenye shelfu yapo 11. Huwezi kumlaumu mtu hapo, wewe hukusema kwa sababu kwako ni jambo la kila siku hata huliwazi, na yeye hajawahi kusimama kaunta. (Hiyo ya kuuza nusu dozi ya antibaiotiki ni kesi nyingine, mfamasia wako anajua ninachosema.) Lilikuwa halina njia ya kujulikana mpaka mtu aushike huo mfumo akiwa na mteja mbele yake.

M-Pesa yenyewe ilipita hukohuko. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio Kenya, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, wateja hata 500 hawafiki, sehemu ya hela ikiwa imetoka serikali ya Uingereza, na lengo halikuwa watu kutumiana pesa kabisa. Lilikuwa kurejesha mikopo, yaani mteja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, alipe rejesho lake kwa simu badala ya kubeba noti mpaka kwenye mkutano wa kikundi. Wakatengeneza, wakafundisha watu, wakakaa kuangalia. Wakaona mambo ambayo hakuna mtu aliyeyapanga, mtu anaweka hela eneo moja, anapanda gari, anaenda kuitoa eneo lingine ili asisafiri nayo mfukoni, mwenye biashara anaweka mauzo ya jioni kwenye simu maana benki zimeshafunga, mtu anamlipia mwenzie rejesho na yeye analipwa kwa kufanyiwa kazi. Wakati huohuo upande wa mikopo, uliokuwa ndo sababu ya mradi, ukawa ndo mgumu kuliko wote, mahesabu ya huko yalikuwa ya makaratasi na kuyaoanisha na mfumo wa simu ikawa shughuli pevu. Machi 2007 ilipozinduliwa kwa nchi nzima ujumbe ulikuwa tuma pesa nyumbani, na marejesho yakakaa pembeni. Sasa vuta picha Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wanaongoza ile kazi upande wa Vodafone, wangekuwa na mkataba wa fundi nyumba. Wangekabidhi mfumo safi wa kurejesha mikopo kama ulivyoandikwa, kila mtu angesaini, na leo tungekuwa tunapeana hela kwa bahasha kupitia madereva wa mabasi.

Na hii ya kwenda kwa mizunguko, yaani unatengeneza kidogo, unajaribu, unarekebisha, unarudia, wala si mtindo wa vijana wa juzi. Mwaka 1970 Mmarekani Winston Royce, aliyekuwa anasimamia programu za vyombo vya anga, alichora ule mpangilio wa hatua kwa hatua, mahitaji, usanifu, kuandika, kujaribu, kukabidhi, na mpaka leo maofisi yetu yanauweka kwenye zabuni. Ila wanaangalia mchoro hawasomi maneno yaliyo chini yake. Aliandika kwamba kufuata hivyo kavukavu ni hatari na kunakaribisha kushindwa, na kama kitu ni kipya basi kifanye mara mbili, mteja apewe kile cha pili.

Haya, hela. Kosa ninaloliona sana kwa wateja ni kulipia skrini. Kijana anakuja na skrini nzuri, rangi za duka lako, nembo yako juu, unafurahi unatoa hela, na skrini ndo kazi rahisi kuliko zote. Kinachoua mfumo hakionekani kwenye demo. Barry Boehm, mtaalamu wa Marekani wa utengenezaji wa programu, kwenye miaka ya 1980 alisema kila mzunguko uanze na swali moja, nini kinaweza kuuangusha huu mradi, halafu hicho ndo kifanyiwe kazi kwanza. Kwako wewe naona ni vitu vitatu. Umeme na intaneti vikikatika katikati ya mauzo inakuwaje? Maduka mawili yakiuza dawa ileile wakati mtandao umekufa, ukirudi stoo inasoma ngapi? Na mashine ya risiti za TRA inakubali kuongea na huo mfumo au muuzaji atapiga mara mbili? Mwambie mzunguko unaofuata aje na hayo, dawa tatu tu zinatosha, kaunta moja, skrini mbaya si neno, na zima umeme mwenyewe mbele yake. Akikwama mmejua mapema. Ile nusu iliyobaki igawe vipande, kila mzunguko unaofanya kazi dukani kwako unalipia kipande, na jina la tovuti, akaunti ya seva na programu yenyewe viandikishwe kwako sasa hivi, maana developa akipata kazi Dar kesho asubuhi utabaki na nembo yako tu.

Swali: Mimi ni katibu wa SACCOS ya wakulima na wafanyakazi, wanachama ni elfu moja na mia nane hivi. Tunatoka kwenye madaftari na Excel tunaingia kwenye mfumo mpya. Kampuni inayotuuzia inasema tarehe 31 Desemba jioni tufunge vitabu vya zamani, usiku wahamishe kila kitu, Januari mosi tuanze na mfumo mpya peke yake. Vijana wa bodi wamefurahi sana, mimi nina wasiwasi lakini wananiambia ni uzee. Je, ni uzee?
Katibu, Mbeya

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Si uzee, ni akili, na ukiweza iprinti hii uwasomee bodi.

Kuna benki Uingereza inaitwa TSB. Aprili 2018 walihamisha wateja wao kama milioni tano kutoka mfumo waliokuwa wanakodi kwa benki ya Lloyds kwenda mfumo wa kampuni mama yao ya Hispania, na wakaamua sehemu kubwa iende kwa mkupuo mmoja, wikiendi moja. Data zilihama vizuri tu, hilo watu huwa wanalisahau. Kilichokufa ni ule mfumo mpya wenyewe kuzidiwa siku watu walipouingia kwa wingi, wateja milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, wengine wakifungua wanaona akaunti za watu wasiowajua. Mambo hayakutulia mpaka Desemba ya mwaka huohuo, mkurugenzi mkuu akaondoka Septemba, na mwaka 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Na hao ni watu wenye wataalamu na hela, sio sie.

Sasa kwenu hatari iko mahali pengine kabisa na inanitisha zaidi, iko kwenye hayo madaftari. Kuna mwanachama ameandikwa kwa jina la ubatizo kwenye hisa na jina la ukoo kwenye mkopo. Kuna wawili wana namba moja kwa sababu mmoja alifariki na namba akapewa mwanae. Kuna mkopo uliosamehewa kwa maneno kwenye mkutano wa mwaka na hakuna aliyeandika popote, wewe ndo unaujua mzee. Kwenye Excel kuna kolamu ya "mengineyo" ambayo mhasibu aliyepita aliijua yeye na Mungu wake. Mfumo mpya hauna sehemu ya mengineyo, utakataa au, mbaya zaidi, utakubali na kuweka sifuri kimyakimya.

Waambie kampuni hivi. Msisubiri Desemba, mwezi ujao wachukue nakala ya data zote waziingize kwenye mfumo wa majaribio, halafu nyie mchague wanachama 50, wale wenye vituko mnaowajua, sio wale wasafi, mlinganishe hisa, akiba na deni la kila mmoja na daftari. Hazitalingana. Warekebishe, wazifute zote, waingize upya, mlinganishe tena, mpaka ile kazi ya kuhamisha iwe imezoeleka na inachosha. Baada ya hapo anzeni na tawi moja au na huduma moja, akiba tu kwa mfano, na madaftari yaendelee sambamba miezi miwili au mitatu. Ni kazi mara mbili, makarani watalalamika, waongezeeni posho kidogo. Na kampuni iandike kwenye mkataba njia ya kurudi nyuma, yaani saa ngapi ikifika bila mambo kukaa sawa tunarudi kwenye vitabu, na nani anatoa hiyo amri. Kampuni isiyotaka kuandika hilo mimi nisingeipa hata data za kilabu cha mpira.

Kuhusu bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, watakwambia ipo. Waambie waitumie mbele yako, wafute mwanachama mmoja wa majaribio na wamrudishe kutoka kwenye bakapu ya jana. GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kuwatunzia developa wa dunia nzima programu zao, tarehe 31 Januari 2017 fundi wao akiwa amechoka usiku alifuta databezi kwenye seva ambayo siyo. Walikuwa na njia tano za bakapu. Kuja kuziangalia hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ilivyotakiwa, moja ilikuwa imeshindwa muda mrefu na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa hazifiki. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mwenzao aliichukua saa sita kabla kwa shughuli zake nyingine, na hizo saa sita za kazi za watu zikapotea. Angalau waliandika wazi kila kitu kilichotokea, kwa hilo nawavulia kofia.

Swali: Sasa Fundi. Niko kwa timu ya madeveloper wanne, tunabuild app ya logistiki, tumechelewa miezi miwili hivi na client ameanza kutupigia kelele. Boss ameamua kuleta watu watatu wengine ati ndio tushike dedlaini ya mwisho wa mwezi ujao. Kila mtu anaona ni poa, mimi peke yangu ndio sifeel hiyo story. Niongee ama ninyamaze?
Developa, Nairobi

Jibu: Ongea, lakini nenda na hesabu, maana bosi ukimwendea na hisia atakuona unaogopa wageni.

Nyie wanne mkitaka kuelewana mna njia sita za mtu na mtu. Mkiwa saba zinakuwa 21. Halafu hao watatu hawaijui hiyo programu, nani atawafundisha? Ni nyie wanne, walewale mliochelewa, kwa hiyo wiki mbili tatu za kwanza kazi inapungua badala ya kuongezeka, na dedlaini yenyewe iko wiki sita tu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi mkubwa wa kompyuta za IBM miaka ya 1960, aliliandika hili mwaka 1975, kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu unauchelewesha zaidi. Nusu karne hii mabosi wanalisoma, wanatikisa kichwa, wanaongeza watu.

FBI ya Marekani waliwahi kuzika dola milioni 170 kwenye mfumo wa mafaili ya kesi, wakaufuta mwaka 2005 haujatumika. Wakaanza mwingine 2006 na mkandarasi mkubwa, miaka minne baadae hela nyingi imeenda na kazi iko nyuma. Mwaka 2010 waliuchukua wenyewe, wakapunguza watu, kikosi kidogo kikakaa chumba cha chini cha makao makuu, wakafanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili mbili na kila mwisho wa mzunguko wanaonyesha kitu kinachofanya kazi. Julai 2012 ukawashwa kwa wote.

Kwa hiyo ukienda kwa bosi usiseme tu usiongeze. Nenda na karatasi ya vitu client alivyoomba, mpangie ni vipi dereva na mtu wa godauni hawawezi kufanya kazi bila hivyo, najua havitazidi theluthi ya listi, hivyo ndo vitoke mwisho wa mwezi ujao. Ripoti za rangi na dashibodi ya mkurugenzi zisubiri. Kama hao watatu wameshaajiriwa basi wapewe kujaribu, yaani kuitumia app kama madereva, kwa simu za bei rahisi, bando likiwa limeisha, barabarani huko Mai Mahiu. Hapo watasaidia hata wakiwa hawajui mstari mmoja wa programu yenu.

Swali: Niko mwaka wa mwisho chuo. Kwenye projekti yangu nimechukua sehemu ya kukokotoa malipo kutoka kwenye mfumo ambao kaka yangu alitengeneza na umefanya kazi miaka mitano bila tatizo. Msimamizi wangu anasema niijaribu upya yote. Sioni sababu, kitu kimeshathibitika.
Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Kimethibitika kwa kaka yako, mdogo wangu, kwenye namba za kaka yako.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kifaa cha kujua mwelekeo kilibeba programu ya Ariane 4 iliyokuwa inafanya kazi miaka yote bila shida. Ndani yake kulikuwa na sehemu inayochukua namba ya kasi ya kwenda upande na kuiingiza kwenye nafasi ndogo ambayo mwisho wake ni 32,767. Ariane 4 haikuwa inafika huko. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi, namba ikafurika, kifaa kikazima. Kulikuwa na cha akiba, ila kilikuwa na programu ileile, kwa hiyo kilikuwa kimeshazima kwa sababu ileile kabla hata cha kwanza hakijafa. Roketi ikapinda, ikajilipua, chini ya dakika moja toka iwashwe. Na kinachouma, ile hesabu yenyewe baada ya kuruka haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5, iliachwa tu kwa sababu ilikuwemo.

Kwa hiyo msikilize msimamizi. Jaribu sifuri, jaribu namba hasi, jaribu malipo ya shilingi bilioni tatu, jaribu mtu aliyeanza kazi tarehe 29 Februari. Na chochote ulichokibeba ambacho hakina kazi kwenye projekti yako, kitoe.

Swali: Hospitali yetu kompyuta zilizima siku ile ya Julai 2024 dunia nzima ilipopata skrini za bluu. Toka siku hiyo mganga mkuu amekataza apdeti yoyote. Ni sahihi?
Mtu wa IT, hospitali ya mkoa

Jibu: Si sahihi, ila namuelewa kabisa. Ile tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilirusha faili dogo la maboresho kwa wateja wake wote kwa wakati mmoja. Faili lilihitaji vipengele 21 na programu iliyokuwa inalisoma ilikuwa inaleta 20, Windows ikaanguka, na Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5. Wangerusha kwa mashine elfu moja kwanza wakasubiri saa moja, sisi wengine tusingelisikia hilo jina. Ukiacha kuapdeti kabisa unabaki na matundu ya usalama ambayo wezi wa mtandaoni wanayajua tayari, na hospitali ndo wanazipenda.

Mwambie mganga mkuu iwe hivi, apdeti ianze kwenye kompyuta tatu za ofisi ya utawala, ikae siku mbili, ndo iende mapokezi, maabara na wodini mwisho, na isiwe Ijumaa jioni. Halafu hakikisha zimefika zote. Knight Capital ya Marekani, Agosti 2012, waliweka programu mpya ya kununua na kuuza hisa kwenye seva saba kati ya nane, ya nane ikasahaulika na ikawasha programu ya zamani iliyokuwa imelala humo miaka. Dakika 45 zikawagharimu zaidi ya dola milioni 440.

Swali: Mwanangu, mimi nina duka la jumla, mwaka huu nimetiliwa mfumo wa kompyuta. Mwezi uliopita mfumo wasema keshia wangu ana upungufu wa shilingi elfu thelathini na nane. Msichana alia, aapa hakuchukua, na mimi namjua toka mdogo. Aliyenitilia mfumo aniambia kompyuta haisemi uwongo. Mume wangu ataka nimpeleke polisi. Nifanye nini?
Mama mwenye duka, Mombasa

Jibu: Shikamoo mama. Polisi bado, nakuomba. Na huyo aliyekwambia kompyuta haisemi uwongo ningependa nikae naye nimpigie stori moja.

Posta ya Uingereza iliweka mfumo wa mahesabu unaitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, kuanzia mwaka 1999. Wale wenye vituo vya posta vijijini wakaanza kuona upungufu kwenye mahesabu ambao hawaujui umetoka wapi. Wakipiga simu kuuliza wanaambiwa ni wewe tu. Sheria ya kule ilikuwa inachukulia kompyuta iko sawa mpaka mtu athibitishe haiko sawa, na mwenye duka kijijini atathibitishaje? Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu mpaka kufikia 2015, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba kulipa hela ambazo hazikuwahi kupotea, wapo waliojiua. Mwenzao mmoja, Alan Bates, na wenzie, jumla yao 555, wakaenda mahakamani, na Desemba 2019 jaji akasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro za kuweza kuharibu mahesabu ya vituo, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za kituo wakiwa mbali, jambo lililokuwa limekanushwa miaka. Mwaka 2024 bunge lilitunga sheria ya kufuta zile hukumu.

Moja ya kasoro zile ilikuwa hivi. Mtu anapokea fedha za kituo, anabonyeza kukubali, skrini haisogei, anabonyeza tena, na tena, mfumo unaandika kila mbonyezo kama fedha mpya. Mwaka 2015 kwenye kituo kimoja Scotland pauni 8,000 ziliandikwa mara kadhaa hivyohivyo.

Mama, hebu muulize msichana, siku zile mtandao ulikuwa taratibu? Aliwahi kubonyeza mara mbili? Mwite huyo mwenye mfumo akutolee orodha ya mauzo ya mwezi mzima, kila moja na saa yake na sekunde, na muangalie mauzo mawili ya bei moja, bidhaa zilezile, yamepishana sekunde chache. Linganisha na meseji za M-Pesa za Till, yaani namba ya kulipia ya duka lako, na stoo, maana kama mfumo unasema mmeuza mifuko minne ya unga na pale nyuma imepungua miwili, basi hiyo miwili haikuuzwa na hela yake haikuingia popote. Angalia na bidhaa zilizorudishwa, mifumo mingi michanga haijui kurudisha vizuri. Na umuulize nani mwingine ana neno la siri la kuingia kama msimamizi, na je mfumo unaandika kila mtu alichobadilisha, akisema hauandiki basi hana ushahidi juu ya mtu yeyote.

Kama ni kubonyeza mara mbili, dawa yake anaijua kama ni fundi kweli, kila muuzo upewe namba yake kabla ya kubonyeza, ukija tena na namba ileile mfumo uukatae. Ni kazi ndogo, aifanye bila kukudai senti. Kisha tumieni mfumo pamoja na daftari mwezi mzima, kila jioni mnalinganisha wewe na msichana, na mwezi huu mshahara wake mlipe wote bila kukata.